Saa Tisa Iliyokwanguliwa

Mnisamehe kwa mwandiko na makosa. Niliishia la saba na mkono wangu huenda polepole, lakini hasira hii siwezi kukaa nayo.

Juzi nilipita shule niliyosoma, huku kwetu Ngara, nikasimama mbele ya ukuta wa saa ya jua. Tuliuchora tukiwa darasa la sita, msimu wa kuvuna maharage. Tulibeba maji na mchanga kutoka mtoni, tukatwanga mkaa na udongo mwekundu, na mchana tukala mihogo ya kuchemsha kwa mikono myeusi. Unajua jua la kwetu hukaa kaskazini miezi kadhaa, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo mwalimu alipitisha nondo moja katikati ya ukuta, ikatokeza huku na huku ili kivuli chake kionyeshe saa, tukachora saa pande zote mbili.

Kila saa ilipewa alama ya historia yetu. Saa tatu, jembe la wahunzi wa zamani. Saa sita, ngoma. Saa kumi na moja, ng'ombe wa pembe ndefu wakirudi nyumbani.

Jirani yetu ndiye aliyepiga lipu ukuta ule. Alitoka Burundi akavuka mpaka pale Kabanga akiwa mgongoni kwa mama yake. Aliomba alama moja tu: mama mwenye mkeka kichwani, kwenye saa tisa, saa ambayo mama yake alimwambia walifika. Mzee mmoja wa kamati ya shule akasema, “Mgeni hana saa hapa.”

“Shikamoo mzee,” jirani akamjibu. “Sasa jua likifika saa tisa, lisubiri nje?”

Tulicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Mama akachorwa. Bibi yangu, aliyekuwa ametuletea mihogo, akamwongezea mtoto mgongoni, kwa kidole chake.

Sasa yule mama hayupo. Wamemkwangua kwa panga mpaka matofali yanaonekana. Jembe lipo, ngoma ipo, ng'ombe wapo. Nikazunguka upande wa pili, ambao msimu huu haupati jua wala hakuna anayeusoma. Huko nako wamemkwangua. Mtu alizunguka makusudi!

Nilikwenda kwa jirani nikakuta kufuli. Watu wanasema amehamia Nyakanazi na familia yake. Wanalisema kama habari ya mtu aliyekwenda sokoni. Nikarudi ukutani, nikamuuliza mtoto mmoja wa shule, pale kati ya saa nane na saa kumi pana nini?

“Pale hapana kitu, kaka.”

Niandikieni, wasomaji. Pole siitaki. Niambieni kama na kwenu yupo aliyejenga ukuta kisha akakwanguliwa, na siku ile ninyi mlisema nini.