Nilipaka Bafu Lami, Baba Akatoka na Vigae Mgongoni

Wenzangu, mimi ni mjinga, na naomba mnisikilize kidogo kabla hamjaanza kucheka. Nilibandika vigae vya bafu kwa lami. Lami ya barabarani! Halafu nikamtanguliza baba yangu mzazi kuoga humo.

Jina langu sisemi. Hapa Mbeya wanaonijua wanatosha kunicheka.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu kazi ikiisha huenda dansi, mimi narudi kutengeneza kiti ambacho hakijavunjika. Nimesoma mpaka darasa la kumi, basi nikadhani ukuta ni kitu gani cha kunishinda.

Nyumba tuliyopanga iliwahi kukaliwa na Mzungu mmoja, akaacha bafu la ndani: juu limening'inizwa debe lenye matundu, ukutani vigae vyeupe. Kumbe vigae vilishaachia zamani. Ukioga, maji yanapenya ukuta mpaka jikoni, unga unalowa. Tukarudi kuoga uani, ndani ya uzio wa mabua ya mahindi.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani, hata kama ndoa ilifungwa kanisani. Baba akija kututembelea kutoka Tukuyu, kila akivuka ua na taulo yake, mke wangu anatupa mwiko na kukimbia. Safari iliyopita alijificha bandani mwa kuku, akatoka na viroboto.

"Baba akija tena akaogea uani," akaniambia, "mimi naenda kwetu. Utampikia wewe."

Nikaogopa! Ugali wangu mimi, hata mbwa wa jirani huunusa akaenda zake.

Basi nikabandua vigae vyote, nikaviosha. Kila mtu anajua ukuta kama ule hupigwa plasta ya saruji, ukaachwa ukauke, ndipo vigae vibandikwe. Mimi nikawaza kisomi: lami inazuia maji, lami inanata. Saruji ya nini tena? Palikuwa na pipa walilotelekeza watu wa barabara. Nikaichemsha lami, nikapaka ukuta mzima, nikakandamiza vigae humo humo.

Jamani, vilikaa! Ukuta uling'aa kama meno ya bwana harusi. Nikarusha maji ndoo baada ya ndoo, jikoni halikupenya tone.

Maji ya baridi, lakini. Na ule ulikuwa mwezi wa Juni, ambapo Mbeya hata samli ni jiwe. Wala sikuruhusu mtu aoge humo, nikisema heshima ya kufungua bafu ni ya baba.

Baba akafika. Huyu mzee haogi maji mpaka yafuke moshi. Debe likajazwa, akaingia, nami nikasimama nje ya mlango nikisubiri sifa.

"Aisee, mwanangu, umekuwa bwana mkubwa!" nikamsikia.

Nikavimba kichwa. Kisha, pa! Kitu kikaanguka. Pa! Pa!

"Gwe mwanangu! Ukuta wako unashuka!"

"Uegemee, baba! Uzuie kwa mgongo!"

Na hilo nalo naliungama. Mzee akatii. Akanata.

Bafu lile lina mlango wa pili, wa jikoni, wa kupitishia maji ya moto. Baba alipojinasua hakuchagua mlango. Akatokea jikoni, taulo mbele, vigae vinne mgongoni, mweusi kama sufuria ya matanga. Mke wangu akapiga yowe, akajifunika uso kwa ungo, akatoka mbio bila kuona njia, akamvaa jirani yetu Mama Tumaini aliyekuwa anakuja kuomba moto. Wote chini! Baba naye, kwa adabu zake, akageukia ukutani asimwone mkwewe, akatuachia sisi vigae tuvitazame.

Nikamsugua mzee kwa mafuta ya taa mpaka akanukia kama kandili.

"Nenda kamwambie mkeo," akasema, "kwamba sikumwona."

Nikaenda kwa Mama Tumaini, alikojifungia mke wangu.

"Mwambie baba," akajibu kutoka ndani, "nami sikuona kitu chochote." Kisha nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

Lakini kurudi, hakurudi! Na baba kasema haondoki mpaka lami iishe mgongoni, asije akachekwa Tukuyu. Kwa hiyo ninapika mimi. Mzee anakula ugali wangu amefumba macho, kama anameza kwinini.

Enyi mnaojifunza ufundi kwa kuwaza tu, nawasihi, lami iacheni barabarani! Pigeni plasta, subirini ikauke, na kama kwenu kuna baridi, ujaribuni ukuta kwa maji ya moto. Vinginevyo mtakuja kubembeleza wake zenu dirishani kwa watu, kama mimi.

Sasa nimekwangua lami yote, nimepiga plasta, vigae nimevirudisha kwa saruji. Jana nikaenda kumwomba mke wangu arudi. Akatoka Mama Tumaini, mikono kiunoni, akanitazama toka juu hadi chini, akasema:

"Mkeo harudi leo wala kesho. Kwanza uoge humo wewe, kwa maji ya moto, mlango wazi, na sisi wote tumesimama hapo tunaangalia kama utatoka na ngozi yako."