Uzito wa Lori Tupu

Likizo ile nilirudi Kolwezi na kazi moja tu: kumnyang'anya baba yangu ufunguo wa lori. Mama ndiye aliyeniita. Tangu kiharusi kimpitie, mkono wa kushoto wa baba ulikuwa umelegea, naye akishikilia kwamba umepona. Kaka zangu walijaribu kumwambia aache kuendesha, wakafukuzwa. "Wewe atakusikia," mama alisema. Kitinda mimba, msichana, tena msomi: zigo lote nikatupiwa mimi.

Siku tatu nilikunywa chai nyumbani, mtaani kwetu Dilala, bila kuthubutu kufungua mdomo. Namwogopa baba yangu, nikubali tu. Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, alisema anapeleka chumvi na mafuta ya kula Lubudi, nimsindikize. Nikapanda lile lori alilonifundishia kuendesha, nikijiambia kwamba nitasema njiani.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, ile kazi yako ya Ulaya, ni kazi gani kabisa?"

Kuitwa mama na baba yangu hunilainisha kila mara. Nilimwambia tunapima uzito wa atomi, moja moja. Tunaing'oa elektroni ili iwe na chaji ya umeme, kisha tunaiingiza ndani ya sumaku kubwa mno, mahali pasipo hata hewa. Huo ndio mtego wetu. Atomi haigusi chochote humo, inazunguka tu. Nzito huzunguka polepole, nyepesi haraka. Tukijua mwendo wa mzunguko, tumejua uzito. Nikamwambia pia kwamba siku hizi tunapima shaba ya namna isiyochimbwa popote, inayotengenezwa maabara na kutoweka kabla sekunde moja haijaisha.

"Shaba yote hii iko hapa," akacheka, "weye unaenda kutafuta ile inakufa?"

Tulicheka wote wawili. Kisha akasema, "Lakini nimeelewa. Mi pia napimaka mu viraje."

Akaeleza kwamba hajawahi kuhitaji mizani. Lori likifika kwenye kona, likikataa kugeuka upesi, mikono yake inajua limebeba kiasi gani. Mimi jambo hilo, kwamba uzito ni kule kukataa kugeuka, nililisoma miaka miwili ndipo likaniingia. Niliona fahari hata nikasahau kilichonileta.

"Na kama ni ile sumaku njo imebadirika?" akauliza. "Utajua namna gani?"

Nilijibu bila kufikiri, kama ninavyowajibu wanafunzi. Kweli sumaku hubadilika kidogo kidogo. Kwa hiyo kabla ya kupima atomi ngeni tunapima moja tunayoijua vizuri, na baadaye tunaipima tena ileile. Ikionekana imebadilika, basi kosa si lake. Kosa ni la chombo chetu.

"Eh," akasema. Akaendelea kuendesha mpaka Lubudi.

Tulishusha mzigo, tukageuza lori likiwa tupu. Katika kona ya kwanza kali nje ya mji, nilimwona anainua bega. Mkono wa kushoto uliteleza kwenye usukani, ukashika tena. Gurudumu likatoka barabarani, mawe yakarushwa, akalirudisha. Akasimamisha lori, akachomoa ufunguo, akashuka na kwenda nyuma. Kwenye kioo nilimwona anapanda na kuchungulia ndani, kulikokuwa na turubai peke yake. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Hamuna kitu mule."

"Hamuna, tata," nikamjibu baba.

"Mi nimeisikia nzito, sawa na ya kwenda. Motokari ni ileile. Miaka makumi mbili naijua tupu." Akautazama mkono wake wa kushoto, akaufumba na kuufumbua. "Ni mi."

Akanipa ufunguo.

"Endesha, mama. Polepole."

Nilikuwa nimesafiri mbali kuufuata ufunguo ule, na sasa nilipokuwa nao, ungali na joto la kiganja chake, nilitamani abishe, anifukuze kama alivyowafukuza kaka zangu. Hakubisha. Nilisogea kwenye usukani, yeye akapanda mahali pangu. Mlango haukushika mara ya kwanza, akaufunga tena kwa mikono miwili, akatazama mbele akingoja niwashe.