Alama ya Katikati ya Ng'ombe

Kama kuna mtu pale Manyatta, karibu na mji wa Embu, aliyewahi kumwona Phyllis Wanjugu amenyamaza kwa dakika tano mfululizo, na ajitokeze. Hata kanisani, mchungaji alimtazama yeye kwanza kabla ya kusema "tuombe". Mama huyu wa miaka arobaini na minne, mama yake Lorna, alikuwa ameunganisha simu za watu kwa miaka kumi na tisa, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, huku akijua nani anampigia nani na kwa nini sauti inatetemeka. Kisha ikaletwa mitambo isiyohitaji mkono wa mtu, na kibarua chake kikaota nyasi. Yeye na wenzake walipewa soda na keki, wakapigwa picha, wakaambiwa asante. Siku hiyo, Phyllis mwenye mdomo usiojua likizo alikosa la kusema. Jambo hilo lilimuuma kuliko kuipoteza kazi yenyewe.

Ndiyo maana, Chama cha Wafugaji kilipomwajiri mwaka wa 1996 kukalia kompyuta, alijiapia kwamba mashine haitamshinda mara ya pili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbegu za mafahali bora zilihifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali katika ofisi ya Meru mjini, chini ya ulinzi wa karani aliyeitwa Halimo. Ng'ombe akiingia joto asubuhi, ni lazima apandishwe kufikia jioni, la sivyo mkulima asubiri wiki tatu nyingine. Kuagiza kwa mdomo kulikuwa kumeleta aibu. Laini ilikwaruza, mtu akasema Friesian, mwingine akasikia Jersey, na mzee mmoja wa Runyenjes bado alikuwa hawaamkii. Kwa hiyo chama kiliamua kwamba kompyuta ya Manyatta itume ujumbe kwa waya wa simu hadi kompyuta ya Meru, maandishi kwa maandishi.

Fundi Antony, kijana wa Mitunguu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, ndiye aliyeandika programu. Kila aina ya ujumbe ilihitaji ramani yake: mstari wa kwanza nini, wa pili nini, herufi ngapi. Ramani ikishaandikwa, unachapa amri moja kwenye kioo cheusi, *pika*, na mashine inaigeuza kuwa kitu inachokielewa. Ukichapa *pika orodha* unaonyeshwa aina zote zilizomo, na *pika futa* inaondoa usiyoitaka. Pande zote mbili ni lazima ziwe na ramani moja, la sivyo jina la mkulima litasomwa upande wa pili kama rangi ya ng'ombe.

Antony alipika aina mbili mwenyewe, MIMBA na NDAMA, akamwachia Phyllis karatasi ya maelezo na ya tatu aipike peke yake. Hiyo ilikuwa JOTO, na ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Phyllis aliangalia kazi ya kijana na kuguna. Katika ramani zote mbili, Antony alikuwa ameandika "ngombe".

"Huyu alisomeshwa na nani?" aliuliza ofisi tupu.

Yeye alisomeshwa na Mwalimu Nyamu. Enzi hizo, mtoto aliyeandika ng'ombe bila ile alama ndogo katikati alisimama mbele ya darasa akilia kama ng'ombe mpaka kengele. Phyllis alisimama mara moja tu, darasa la tatu, na ilimtosha maisha yake yote.

Akaiandika JOTO kwa herufi safi, akafuata karatasi neno kwa neno. Karatasi ilisema maneno yoyote yatakayoonekana na watu yafungiwe kati ya alama mbili ndogo, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Akafungia. Akachapa *pika joto*. Mashine ikamjibu:

MSTARI WA 3: MANENO HAYANA MWISHO.

Phyllis alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Jibu lilikuwa lile lile. Mume wake humwambia maneno hayo karibu kila siku, sasa hata kompyuta imeanza?

Siku tatu zilipita hivyo. Ijumaa asubuhi, mwenyekiti wa chama aliingia. Marete alikuwa mtu wa tumbo la heshima na subira haba. Akainama mbele ya kioo, akasoma, akacheka hadi akashika meza.

"Mama Lorna, hata hii kitu imekujua!"

"Mwenyekiti, usinicheke."

"Sicheki. Sikiza." Akaacha kucheka. "Kamati ya tawi la mji wa Maua inataka hii mashine. Pickup inaenda kule saa sita kamili. Ujumbe ukifika Meru kabla ya hiyo saa, mashine inabaki, na wewe unabaki. Usipofika, inapakiwa. Na sina kazi ingine ya kukupatia, nakwambia ukweli."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Phyllis alihisi ladha ya ile soda ya kuagwa ikimrudia kooni. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi.

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa tena. Akaingia mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, kalamu nyekundu ikiwa imechomekwa mfukoni ingawa alikuwa amestaafu kitambo. Phyllis alijikuta amesimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Wanjugu. Ng'ombe wangu Karembo ameingia joto tangu alfajiri. Mara mbili zilizopita nimechelewa. Ameniangusha, nami nimemwangusha. Nataka mbegu ya Friesian, na nataka nione ikiagizwa kwa maandishi."

Akaketi kwenye benchi, akakunja mikono juu ya bakora. Sasa walikuwa wawili wanaomtazama, na wa pili ndiye aliyemtia Phyllis jasho.

Alirudi kwenye kioo, akahangaika zaidi ya saa nzima. Maneno hayana mwisho. Mstari wa tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, aliacha kuyachukua kama matusi, akayasoma kama mtu wa simu. Maneno yasiyo na mwisho ni mazungumzo ambayo hayajakatwa. Zamani, mtu akisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake, taa ilibaki ikiwaka na laini ikawa wazi, na wewe ukakaa ukingoja sauti isiyokuja. Basi humu ndani kuna mtu amefungua laini akaiacha. Ni nani? Akausoma mstari wa tatu kwa kidole:

'Jina la ng'ombe'

Alama ya kwanza inafungua. Ya mwisho inafunga. Na ile ya katikati ya ng'ombe?

"Woi!" alisema kwa sauti, na Marete akaruka.

Mashine haikujua ng'ombe ni nini. Ilipofika kwenye ile alama ya katikati ilidhani mazungumzo yamekwisha, ikakata. Ile ya mwisho sasa ikawa ndiyo inayofungua, na hakuna wa kuifunga. Antony hakupatwa na hayo kwa sababu hajui kuandika!

Akaifuta ile alama ya katikati. Akachapa *pika joto*.

JOTO: TAYARI.

"Eeeh!" Marete alipiga makofi. "Tuma! Tuma sasa!"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na nne. Phyllis aliweka kidole juu ya kibodi, lakini kidole hakikushuka. Pale kwenye kioo, mbele ya Mwalimu Nyamu, palikuwa na neno "ngombe". Ujumbe huu ungesomwa Meru, ungechapishwa, ungewekwa kwenye faili. Kazi ilikuwa mkononi, imeiva, na alijua vizuri kwamba mtu mwenye akili timamu angetuma.

Akachapa *pika futa joto*.

"Mama Lorna!" Marete alishika kichwa. "Umefanya nini? Andika ngombe kama watu wengine, Meru wataelewa! Hakuna ng'ombe itakataa mbegu juu ya kidoti!"

"Dakika mbili, Mwenyekiti."

"Pickup iko hapo nje!"

Kimawazo, Phyllis alikuwa amerudi kwenye ubao wake wa zamani wa nyaya. Laini ikikatika katikati ya maongezi, karani mzuri hufanya nini? Anaiunganisha papo hapo, hata wenye kuzungumza wasijue. Alama moja inakata. Basi aweke ya pili hapo hapo, iunganishe tena. Akaandika:

'Jina la ng''ombe'

Akavuta pumzi. *Pika joto.* Kioo kilikaa cheusi muda mrefu kidogo kuliko kawaida, au labda ni roho yake tu iliyokuwa juu.

JOTO: TAYARI.

Akaituma ramani kwanza, kisha ujumbe wenyewe: Nyamu, Manyatta, Karembo, Friesian. Modemu iliyounganisha kompyuta na simu ikapiga kelele zake za paka wawili wanaogombana, ikanyamaza. Wote watatu wakaitazama simu. Ilipolia, Phyllis aliidaka kabla ya mlio wa pili.

"Dada Phyllis!" Alikuwa Halimo wa Meru, sauti yake ikipasua waya. "Imeingia yote, wallahi! Gari inatoka saa hii na mbegu. Na wallahi mara ya kwanza naona mtu ameandika ng'ombe sawasawa!"

Kwenye karatasi ya Meru, zile alama mbili zilikuwa zimetoka kama alama moja, mahali pake hasa. Marete aliangalia saa: saa sita kasoro tatu. Akatoka nje kumwambia dereva aende zake mikono mitupu, na alipokuwa mlangoni alisikika akinung'unika kwamba wanawake wa simu watamuua.

Phyllis alichapisha nakala ya mkulima, akampa mwalimu wake kwa mikono miwili. Mzee akaichomoa kalamu nyekundu. Akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, polepole, kalamu ikitembea hewani juu ya kila neno. Ilipofika mstari wa tatu ilisimama, na Phyllis akawa na miaka tisa. Kisha Mwalimu Nyamu akainama, akaandika pembeni alama kubwa ya vema.

Phyllis alitaka kusema asante. Alitaka kueleza kila kitu, alama zilizofungua na zilizofunga, na laini iliyoachwa wazi. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyaficha. Akafungua mdomo, na kwa dakika tano nzima hakuna neno lililotoka.