Kipaza na Filamu za Majabali

Saluni yangu ya kunyoa ilitenganishwa na ukumbi wa video kwa ukuta wa mbao nyembamba, na kwa miaka mingi nimenyoa vichwa vya watu huku nikimsikiliza mtu akipanda mlima. Simwoni, namsikia tu: "Hapo mguu umeteleza. Tulieni, kamba bado ipo. Sasa anatafuta pa kushika, hapaoni, hapaoni... ahaa, kapaona." Mteja kwenye kiti anakaza shingo, nami naondoa wembe nisije nikamkata.

Mtu huyo tulimwita Kipaza. Filamu zilikuja na lugha za wenyewe, na kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni, kupunguza sauti ya filamu, na kuwasimulia watu kwa Kiswahili kinachotokea.

Alianza na filamu za ngumi, kama wasimulizi wote. Ngumi hazina maneno mengi. Ukijua kutisha, kulia na kuomba msamaha, umemaliza. Diski alizinunua mwenye ukumbi, Bonge, mtu mpole ambaye akisimama mlangoni mlango unaisha. Siku moja katika fungu la diski ikajitokeza filamu isiyo na ngumi wala bunduki. Wanawake wawili wanapanda jabali lililosimama wima, basi. Bonge alitaka kuitupa. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, watu wamejaa ukumbini kwa kukwepa kulowa, na zile za ngumi wameshazitazama mpaka wanajua nani atapigwa na nani. Kipaza akasema, "Weka hiyo hiyo tuone."

Lugha ya wale wanawake aliielewa nusu. Nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe. Akasema yule wa juu ni wifi yake yule wa chini, hawajasemeshana tangu msiba wa mama mkwe, na leo wamefungwa kamba moja, akianguka huyu anamvuta yule. Watu wakacheka mpaka bati likalia. Kisha yule wa chini akaishiwa nguvu, vidole vikawa vinatetemeka juu ya jiwe, na Kipaza akanyamaza. Akaongeza sauti ya filamu kidogo, watu waisikie ile pumzi. Mimi nilikuwa na mteja niliyemnyoa upande mmoja tu. Aliinuka na shuka langu shingoni akaenda kuchungulia, akarudi filamu ilipokwisha.

Kuanzia hapo Jumamosi mchana ikawa ya majabali. Walipita hapo wapanda barafu, wazamia mapango, watu wanaoshuka mito inayotoa povu ndani ya vimtumbwi vyembamba, na wale wanaovaa suti za mabawa wakajirusha gengeni kama popo. Waliokuja kutazama walikuwa mafundi pikipiki, wauza matunda, walinzi waliotoka zamu, watu ambao barafu waliyoijua ni ile ya kwenye friji.

Wakimuuliza filamu ipi inafaa kutazamwa, alikuwa na msimamo wake. Aliniambia siku moja nikimpunguza nywele.

"Hizi za kuruka ni peremende. Muziki mkubwa, mtu karuka, katua, anacheka, imeisha. Hujui hata alimuaga nani asubuhi. Filamu ya kutazamwa ni ile unayomwona mtu anaogopa, na wewe hutaki kumwacha peke yake. Na bora kuliko zote ni zile mtu anageuka."

"Anageuka vipi?"

"Anageuka. Kilele kile pale, ungeweza kukitupia jiwe. Anaangalia mawingu, anawaangalia wenzake, anasema, mimi narudi. Hiyo nikiisimulia, kinyozi, nafika nyumbani chakula hakipiti."

Yeye mwenyewe hakuthubutu kupanda hata stuli. Antena ya ukumbi ilipopinda, Kipaza alishika ngazi chini na Bonge na unene wake wote akapanda, na wapita njia wakasimama kuona ngazi itavumilia mpaka lini.

Sauti yake ilianza kukwaruza msimu wa vumbi. Akalaumu vumbi. Vumbi lilipotulia akalaumu mafua, kisha akalaumu waya wa kipaza sauti. Watazamaji waliipenda. Walisema sasa ndiyo sauti ya mtu aliyetoka mlimani. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine kupitia mbao. Zamani barafu ikipasuka alipaza sauti mpaka chupa zangu za mafuta zinatikisika kwenye rafu. Sasa barafu ikipasuka alisema polepole, "Imepasuka," na watu wakasifu ufundi. Haukuwa ufundi. Alikuwa hawezi.

Siku moja nilimlaza kichwa nyuma nimnyoe ndevu. Vidole vyangu vikapita pembeni ya koo, vikakutana na kitu kigumu, kisichosogea.

"Hiki kina muda gani?" nikamuuliza.

"Kipi?"

"Hiki."

Nikamwona kwenye kioo. Hakushtuka. Alikuwa anakijua.

"Nyoa, bwana," akasema. "Watu wananisubiri."

Nilinyoa. Alipotoka nikafunga saluni nikaenda kwake, nikamwambia mkewe. Mkewe ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani kwao, mwanamke ambaye neno moja akilitoa leo, la pili utalingoja kesho. Aliacha kitambaa chini ya sindano, akavaa viatu, akaenda kumtoa mumewe ukumbini kwa kumshika mkono, filamu ikiwa katikati.

Daktari wa koo alikuwa mama wa makamo, na hakuzunguka. Akawaambia kuna uvimbe wa saratani kwenye kisanduku cha sauti, na bado haujasambaa. "Tukikitoa chote sasa, una nafasi nzuri ya kuishi. Sauti hutakuwa nayo tena. Utapumua kwa tundu, hapa." Akagusa chini ya koo lake mwenyewe.

"Na tukingoja?" Kipaza akauliza.

"Tukingoja, siku ukirudi nitakuwa na maneno mengine ya kukwambia."

Kipaza akaomba muda wa kufikiri. Walipotoka huko walipitia kwangu, labda kwa sababu hakuna aliyetaka kufika nyumbani wakiwa wawili tu. Sikuwa na mteja. Mkewe, yule fundi, akakaa kwenye benchi, Kipaza akakaa kwenye kiti cha kunyolea akiangalia kioo.

"Wewe ndiye unayewaambia watu kila Jumamosi kwamba mwenye akili ni anayegeuka," fundi akasema.

"Yule anayegeuka ana nyumbani pa kurudi."

Fundi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Na wewe huna?"

Nadhani Kipaza aliliona neno lake baada ya kulitoa, ila lilikwisha toka. "Mke wangu," akasema, "nikinyamaza mimi ni nani? Hata kazi ya ulinzi inataka sauti ya kuuliza, nani wewe."

"Wewe ni baba wa watoto wangu."

"Baba bubu."

"Bubu anakula, anacheka, anazeeka. Mimi nataka uzee."

Kipaza akanigeukia mimi, nadhani alitaka nimtetee. Nikamwambia aende. Bonge naye, aliposikia, akaja pale pale kumwambia aende, kazi ya mlangoni ipo, atamwekea kiti. Kipaza akatusikiliza sote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya harusi ya mtu mwingine. Kisha akasema, "Nitakwenda. Nimalizie zile mpya kwanza." Bonge alikuwa ameleta mfuko mzima wa filamu za milima, na anajuta kuuleta mpaka leo. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga. Hawakusema sisi tuliobaki na dawa mkononi tufanye nini.

Basi akaendelea. Bonge alipandisha sauti ya spika, ya Kipaza ikashuka. Wiki baada ya wiki maneno yakawa machache. Zile hadithi za mawifi na viwanja vya urithi alizokuwa anawashonea wapanda milima zikaisha, akawa anasema tu lililo la lazima. Fundi alimfuata mara mbili pale ukumbini. Mara ya tatu hakwenda. Alinipitia saluni akasema, "Shemeji, mimi nimechoka kumvuta mtu mzima mkono mbele za watu." Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi ya mwisho sikufungua saluni. Niliingia ukumbini nikakaa nyuma. Filamu ilikuwa ya watu watatu kwenye mlima wa barafu, upepo mkali, mmoja wao vidole vimekufa ganzi. Kipaza akasema, "Sasa umebaki ule ukingo..." na neno lililofuata halikutoka.

Akapiga kipaza sauti kwa kidole. Kikaita vizuri. Bonge akaja kubadilisha waya hata hivyo. Kipaza akafungua kinywa tena, ukatoka upepo mtupu. Mtu wa benchi la mbele alicheka, jirani yake akampiga kiwiko. Mwingine akasema, "Twende basi, kaka, wanafanyaje?" Kwenye televisheni wale watatu walikuwa wamesimama wanabishana kwa lugha yao, mikono inaonyesha juu, inaonyesha chini, na katika ukumbi mzima hakuna aliyejua kama wanapanda au wanarudi. Kipaza alijua. Alituangalia, akaangalia televisheni, akakilaza kipaza sauti mapajani.

Watu wakaanza kutoka kabla filamu haijaisha. Walipita kando yake, wengine wakamgusa bega. Yeye alikuwa anaangalia miguu yao.

Siku chache baadaye akashindwa kupumua vizuri, na safari hii hakubishana na mtu. Nilimnyoa shingo asubuhi ya kumpeleka hospitali. Uvimbe ulikuwa hauhitaji tena kutafutwa kwa kidole. Nilinyoa kuuzunguka.

Madaktari wakatoa kisanduku cha sauti na vingine walivyovifikia. Daktari alimwita fundi kando, akamwambia ugonjwa umeshaingia shingoni na kifuani. Wangempa mionzi impunguzie maumivu, zaidi ya hapo asiahidiwe kitu. Fundi akasema asante, akauliza kitambaa gani kinafaa kufunika lile tundu. Akaambiwa chochote chepesi, kisafi. Alimshonea vitambaa kutokana na mabaki ya sare, vya bluu, vyenye pindo safi na uzi wa kufungia nyuma, na Kipaza akawa anakaa barazani na rangi ya shule shingoni.

Alijifunza kusema kwa midomo, na aliyemwelewa ni mkewe peke yake. Ikawa yule mwanamke wa maneno ya kudondoka ndiye msimulizi wake. Nikimuuliza Kipaza anaendeleaje, yeye anachezesha midomo kirefu, mikono inapanda hewani, macho yanazunguka, na akimaliza fundi anasema, "Anasema hajambo." Kipaza anamgeukia kama mtu aliyekatiwa filamu patamu. Siku moja tulicheka sote watatu kwa hilo. Yeye alicheka kwa mabega, bila sauti, mpaka kikohozi kikamshika, na fundi akainuka kumsafisha lile tundu.

Kuna jambo alinieleza fundi, siku nyingine, mumewe akiwa amelala ndani. "Lile neno la nyumbani pa kurudi, shemeji. Aliniomba radhi. Nikamwambia sijasoma midomo vizuri, arudie. Akarudia. Nikamwambia bado." Alikata uzi kwa meno. "Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza."

Bonge alileta msimulizi mwingine, kijana wa filamu za ngumi, mwenye mapafu. Watazamaji walikuja wakapungua. Kila mtu alikuwa na simu yake, na anatazama anachotaka akiwa kitandani kwake. Bonge akauza mabenchi, akampangisha ukumbi muuza magodoro, akaja barazani kumwambia Kipaza mwenyewe. Kipaza akampa mkono, akaushikilia kwa muda.

Kipaza alifariki mvua zilipoanza. Lakini mimi kwa hesabu yangu aliondoka kabla, Jumapili moja.

Kila Jumapili nilikuwa napeleka simu yangu, nimeijaza filamu za aina yake nilizoweza kupata. Tunaiegemeza kwenye mto wa godoro lake, walilolihamishia barazani kando ya cherehani, tunatazama bila sauti. Kuna sehemu midomo yake ilikuwa inaanza yenyewe, anasimulia, fundi anasikiliza kwa macho huku anapinda shati, na akikutana na neno zuri ananirushia. "Anasema huyo mwenye kofia ni muongo."

Jumapili hiyo niliweka filamu ya mtu peke yake kwenye genge, hana kamba, mikono mitupu. Nilidhani ataipenda. Alitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono, mwembamba mpaka mfupa wa kiwiko ulionekana wote, akailaza simu kifudifudi kwenye shuka.

Nikamuuliza, "Hii mbaya? Wiki ijayo nikuletee ipi?"

Midomo ikasogea mara moja, kifupi. Nikamwangalia fundi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na aliutunga muda mrefu kuliko uzi unavyohitaji.

"Shemeji," nikasema, "anasemaje?"

"Anasema usilete."

Nikauliza anataka nini basi, nilete kitu gani, matunda, redio, chochote. Kipaza alikuwa amefumba macho. Fundi akaweka mguu kwenye kikanyagio, sindano ikaanza kutembea juu ya kola ya shati la mtoto wa mtu, nami nikachukua simu yangu nikaaga.