Siku Niliyomwita Fundi Taratibu Mwizi

Tulimwita Fundi Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua imkute chini ya gari. Gari la marehemu mume wangu alilitengeneza miaka ishirini na mbili. Vidole vilijaa grisi, lakini mkono wake haukuwa mrefu. Nasema hayo sasa. Siku ile sikuyasema.

Alikuwa amefungua starta, ile mota ya kuwashia injini, akaisafisha, akairudisha. Siku ya nne nazungusha ufunguo, starta inalia wiii, injini haishtuki. Jirani yangu, mjuzi wa kila kitu, akanitia maneno: "Shoga, umebadilishiwa hiyo! Yako kaiuza." Nami niliyejiona na akili kuliko watu, nikameza.

Gari likavutwa hadi gereji. Wateja walikuwepo wanne. Nikapaza sauti: "Mwizi wewe! Rudisha starta ya mume wangu!"

Akafuta mikono kwa tambara. "Taratibu, mama. Niangalie kwanza."

"Uangalie nini? Aliyeiba anajua alichoiba!"

Akatia gia ya nne, akalisukuma gari kwa bega kidogo tu, akatoa gia, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

Alasiri, gia boksi ikiwa imeshushwa chini, akaniita. Gurudumu la meno nyuma ya injini lilikuwa limelika sehemu moja, laini kama ufizi wa kichanga. "Injini hii ikizimwa huzoea kusimama hapa. Starta inazunguka, inakosa pa kuuma. Nikisukuma gari likiwa kwenye gia, gurudumu hili linasogea, starta inakutana na meno mazima. Starta ni ileile, mama."

Jioni ile nikamfuata nyumbani, nikamwomba radhi jikoni, mbele ya mkewe tu.

"Mama," akasema, "unanitukana mchana kweupe, halafu radhi unaniletea kwenye masufuria?"

Mkewe akaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kesho yake nikasimama katikati ya gereji, nikasema kwa sauti ya jana: "Huyu si mwizi! Mwenye makosa ni mimi!"

Wateja wawili wakatazamana.

"Asante, mama," fundi akasema. "Lakini hawa jana hawakuwepo."

Nikamwomba anielekeze kwa wale wanne. Wa kwanza nilimkuta anakula. Nikamwambia aendelee tu kula, nami nikayasema nikiwa nimesimama mlangoni, mtu mzima na mvi zangu.