Maji ya Maganda

Kazini walimwita Bi Maganda, na hakuudhika. Kwa miaka kumi na mmoja alianika maganda ya vitunguu kwenye trei za maabara, akayasaga, akampelekea daktari wa utafiti aliyetoa ndani yake flavonoidi, zile kemikali zinazoipa mimea rangi. Siku daktari aliposema, "Bi Maganda, unga wako umeua seli za saratani!" yeye alibeba mfuko mzima wa maganda hadi kwa kaka yake, akayachemsha.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Saratani ya tumbo ilikuwa imemmaliza, akabaki mifupa na mdomo.

"Dada, kwani mimi mgonjwa au mchuzi?"

"Kunywa wewe! Omba kwanza, kisha unywe."

Alikunywa. Maji ya dada hayakumtapisha kama dripu ya dawa ya saratani hospitalini, basi dripu akairuka mara moja, kisha mara ya pili. Bi Maganda alijua, akanyamaza. Aliona Mungu amejibu.

Walimzika Jumanne. Jumatatu iliyofuata alirudi kwenye trei zake. Hakulia, mikono ilifanya kazi kama ya mtu mwingine. Saa nne akamwuliza daktari kama maji yaliyochemshwa na maganda yangemfaa mgonjwa.

Daktari alivua miwani. "Sisi tulimwagia seli flavonoidi kwenye kisahani. Kwenye kisahani hata sabuni inaua. Tumboni mwa mtu bado hatujafika, labda baada ya miaka." Akavaa miwani tena. "Kuna mtu amekunywa?"

"Hakuna," alisema, akawasha mashine ya kusagia.

Lakini jioni miguu ilimpeleka kwa wifi yake. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Wifi, yale maji hayakuwa dawa. Dripu aliziacha kwa sababu yangu, na mimi nilijua."

Wifi aliendelea kukunja mashati ya marehemu. Kola kwanza, kisha mikono. Alimaliza matatu.

"Hata mimi nilijua. Alikuwa analala bila kutapika. Nikaupenda ule usingizi wake."

Akamsogezea nusu ya mashati. Bi Maganda alisema, "Mungu, tusamehe," na maneno yakatoka makavu, kama mtu anayesoma kibao cha duka. Akachukua shati la juu, lililotobolewa na cheche kifuani, akaanza na kola.