Waridi Ambalo Halikusoma Lebo Yake

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, jirani yangu aliniita ukutani akaniambia kwamba yule mama mwenye waridi ametutoka. Hapa mtaani Buruburu hakuna angeuliza ni mama yupi. Alikuwa karani mstaafu, mjane wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, na lango lake lilifunikwa na maua ya rangi ya siagi hata wapita njia walikuwa wakipunguza mwendo bila kukusudia.

Waridi la kwanza langoni hapo lilipandwa na mumewe. Muda mfupi baada ya kumzika, mafundi wa mabomba walichimba kando ya ukuta wakaling'oa pamoja na mizizi. Wakati huo binti yao alikuwa amekwisha kuposwa. Katika ukoo wao bibi harusi huimbiwa langoni kabla ya kuondoka, na mama alikuwa amemwahidi binti kwamba atatoka chini ya waridi la baba yake. Akaanza kutafuta la aina ileile. Kila mche alionunua ulikuwa na lebo inayosema ni waridi la kutambaa, la njano. Kila ulipochanua ulikuwa kichaka kifupi chekundu, au cha rangi ya waridi iliyopauka, kisichonukia chochote.

Jumamosi moja nilimsindikiza kwa wauza miche wa kando ya Barabara ya Jogoo. Muuzaji mmoja alimwinulia mche mnene wenye lebo mpya.

"Mambo, mathe! Hii ni ya kupanda ukuta, orijino kabisa."

Mama alipitisha kidole kwenye shina. "Orijino ya wapi, kijana wangu? Hili ni la mashamba ya maua ya kukatwa na kuuzwa. Limesimama wima kama askari wa gwaride. Halitapanda hata ndoo."

"Shosh amekushika!" wenzake wakaangua kicheko, wakimwita mama nyanya kwa lugha ya mtaani.

Nikamuuliza yule kijana lebo huandikwaje. "Mteja akitaka njano, tunaandika njano," akajibu bila kupepesa macho. "Lebo ni ya mteja, boss. Ua halina shida."

Mama hakuwa akitusikiliza. Nyuma ya rundo la samadi alikuwa ameona mche mwembamba ulioegemea miche mingine, umebandikwa lebo "nyeupe, fupi". Haukuwa na ua hata moja. Alifumba macho, akapapasa miba yake iliyopinda kuelekea chini.

"Ni lenyewe," akasema.

"Umejuaje, mama?" nikamuuliza.

"Mzee alipolifunga ukutani, mimi ndiye niliyemshikia matawi. Lilinichoma miaka yote ya ndoa yangu."

Siku ya harusi ilifika waridi halijachanua. "Mama, umetupambia mboga!" shangazi mmoja alimtania, na binti akatoka chini ya majani matupu. Lakini mvua zilizofuata, binti alikuja kuwasalimu watu wa nyumbani, akafika langoni, akasimama. Maua yalikuwa yamefunguka. Alivuta harufu yake, akafunika uso kwa viganja, akasema neno moja tu: "Baba." Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, na sijapata kusikia ibada iliyonituliza kama neno lile.

Lebo ya uongo mama hakuiondoa kamwe. Nilipomuuliza sababu, alicheka. "Iache. Waridi lenyewe halijaisoma."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi katika miaka hii ya watu kupunguzwa kazini, ninapoona kijana akikataliwa kwa kuwa barua yake ya kuomba kazi inataja Dandora, mtaa unaodharauliwa kwa umaskini, kana kwamba mtaa ni maelezo kamili ya mtu.

Juzi mwili wake ulipitishwa nyumbani kabla ya safari ya Ukambani. Jeneza lilipofika langoni binti aliwasimamisha wabebaji, akawaomba wanawake waimbe ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Wakaimba. Petali zilidondoka juu ya mbao, na kati ya maua lebo iliyofifia ilikuwa ikipeperuka. Aliyeijua kweli aina ya waridi lile hakuijua kwa kusoma. Alikuwa amekubali kuchomwa nalo. Sidhani kuna njia nyingine ya kumjua mtu.